Faili la Uani

Siku ya tatu nilipolikuta lile faili limerudi tena baada ya kulifuta, nilimtukana aliyeliweka mpaka nikajionea aibu, ingawa ofisini nilikuwa peke yangu.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Chanji, mali ya umoja wetu wa wakulima wa mahindi na ulezi. Seva, kompyuta iliyobeba tovuti yetu, ilikaa mezani, nami mbele yake na sweta mbili, maana baridi ya Julai huku Ufipa haina huruma. Tovuti yetu iliwaambia wakulima magari yanakuja lini na mbegu gani imefika. Mwaka ule wa 2007 ilianza kumwaga barua pepe za ovyo duniani, maelfu kwa siku, na waliotupa intaneti wakatishia kutukatia.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia mwenyekiti wetu, Mzee Alois, alipochungulia.

"Marahaba. Cornelia, mwisho Ijumaa. Isipopona tunaizima, na wewe sitakuwa na kazi ya kukupa."

Ugonjwa niliujua. Mtu alikuwa ametuwekea mlango wa nyuma: faili dogo kwenye folda ya picha, ambalo mwenyewe hulifungua akiwa popote na kuiamuru seva kama amekaa kwenye kiti changu. Nilichukua sidii yenye nakala safi ya tovuti, nikalinganisha faili kwa faili. Lililozidi nililifuta. Moja tu nililiruka siku zote tatu, uani.php, kwa sababu hilo lilikuwa letu.

Aliliandika Obed. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili kabla hajahamia Dar es Salaam. Nyumbani kwetu Malangali hakupita mlango wa mbele hata siku moja. Alizunguka moja kwa moja jikoni kwa mama na kuinua kifuniko cha sufuria. Alipoondoka aliniachia faili hilo ili anisaidie seva ikigoma.

"Mimi napitia uani," alisema. "Mbele ni kwa wageni."

Kila Jumapili baada ya misa aliingia kupitia faili hilo akaniachia mstari mmoja. Umeamkaje, Cornelia? Baridi bado? Kisha zikapita miezi minane bila neno. Sikumpigia. Nina kiburi, nacho hakikunipikia chai hata jioni moja.

Alhamisi nikasoma kumbukumbu za seva, ambamo kila anayeingia huandikwa, mstari kwa mstari. Uani.php ilikuwa imefunguliwa kila siku, wiki tatu mfululizo. Nilicheka kwa sauti kama mwehu. Amerudi!

Nikaziangalia namba za anwani, zinazoonyesha mtu ameingia akiwa wapi. Hazikuwa za Dar. Zilikuwa za nchi nisizozijua, na kila wenye namba hizo walipopita, dakika moja baadaye lile faili baya lilizaliwa upya. Nywila ya uani ilikuwa jina langu, kwa herufi ndogo. Obed hakuona sababu ya kuhangaika zaidi ya hapo, na mimi wakati ule jambo hilo lilinifurahisha.

Nililia, na si kwa ajili ya seva.

Kisha nikafuta uani.php kwanza, na takataka nyingine zote baada yake. Nikarudisha tovuti nzima kutoka kwenye sidii, nikabadilisha kila nywila, nikaizuia folda ya picha isiendeshe programu yoyote. Ijumaa barua za ovyo zilikoma. Mzee Alois alinipa mkono, akaenda zake.

Jumatatu nikafungua kumbukumbu, kuhakikisha tu. Jumapili, saa nne asubuhi, mtu mmoja alikuwa ameitafuta uani.php. Mara tatu. Mara zote tatu seva ilimjibu kwamba hakuna faili la jina hilo. Namba zilikuwa zile zile za Jumapili za zamani, za Dar.

Nikashika simu, nikairudisha mezani. Namba yangu anayo, na mlango wa mbele anaujua ulipo. Ila tangu nimfahamu, sijawahi kumsikia Obed akipiga hodi.