Sura moja, pasipoti moja

Bibi yangu Kabange alizaliwa wa pili. Dada yake Kyungu njo alimutangulia kutoka. Kwetu Kamina ukisikia yale majina mawili unajua ni mapasa, hauna haja ya kuuliza. Walifanana mpaka minyi mwenyewe, ule mwaka wa kwanza wa ndoa, nilimukuta Kyungu kule Base, kambi ya jeshi, kwake na bwana yake soldat, nikamwambia arudi nyumbani kupika. Walicheka wale dada wawili mpaka machozi.

Ugonjwa ulianza na ufizi. Anapiga mswaki, damu inatoka, inakataa kusimama. Kisha alama nyeusi kwenye mikono, kama mutu aliyepigwa, na majirani wakaanza kuniangalia mubaya. Hospitali walimutia damu, ikaisha upesi kama maji kwenye mchanga. Sista Lise, mutawa anayetunza bagonjwa pale parokia, akatupeleka Lubumbashi.

Daktari wa kule alisema polepole, aliona sikusoma mingi.

“Baba Nyembo, ndani ya mifupa munakaa seli shina. Hizo njo mama ya damu, zinazaa damu mupya kila siku. Za bibi yako zimekufa. Tunaweza kumutia za mutu mwingine, lakini mara mingi mwili unakataa za mugeni. Iko na ndugu?”

“Iko na pasa mwenzake.”

Wakamuita Kyungu, wakapima damu ya bote wawili. Majibu yalipotoka daktari akapiga meza kwa furaha. “Hii ni bahati! Seli za dada yake ni kama zake mwenyewe. Mwili wake hautajua tofauti.”

Akatuonyesha: hakuna kupasua. Wanavuta damu kwenye mukono wa Kyungu, mashini inachuja zile seli, kisha wanamutundikia Kabange kama chupa ya serum. Ila kazi hiyo kwetu haiko. Bakubwa wetu wakiumwa kichwa wanapanda ndege, hospitali ya kwetu wataijengea nani? Sista Lise akaandikia watawa wenzake, wakapata hospitali kule Inde, inchi ya Bahindi, na malipo yote yakapatikana. Ikabakia pasipoti mbili tu.

Mama yao akasema hawawezi kwenda kupigwa picha wamevaa mbalimbali. Kwetu mapasa ukimupa mumoja, unamupa na mwenzake. Kama sivyo, mumoja anachukia na anajiendea, anakufa. Na Kabange alikuwa tayari na muguu mumoja njiani, nani angekubali kumuchokoza? Nikanunua kitenge, nikakata katikati. Fundi akashona blauzi sawa, wakasuka nywele sawa.

Kwenye biro ya pasipoti Kabange aliingia wa kwanza sababu alikuwa anachoka. Alitoka, akaingia Kyungu. Shefu wa pale, Amédée, akainua kichwa.

“Mama, si umetoka hapa sasa hivi? Umesahau kitu?”

“Ule ni mudogo yangu, shefu. Tuko mapasa.”

Wakaiweka sura yake mbele ya mashini. Mashini ikaandika kwa nyekundu kama sura hii imekwisha kuandikwa.

“Unaona? Inasema ni weye. Bantu ba fraude, ba kudanganya, bote banasema mapasa, mapasa.”

“Basi shefu, uliza tumbo ya mama yetu. Njo ilihesabu muzuri kupita mashini yako.”

Bantu wa foleni wakacheka sana. Pale njo tuliharibu. Mukubwa wa kwetu unaweza kumufanya yote, lakini usimucheke mbele ya bantu.

Nikamushika Kabange nikamuingiza, wakasimama bega kwa bega. Amédée akawaangalia juu mpaka chini, blauzi kwa blauzi.

“Mumejipanga kabisa,” akasema. “Mpaka nguo!”

“Papa,” Kabange akamwambia, akafungua midomo, “angalia ufizi yangu. Mwenye anatoka damu ni minyi. Ule ni muzima. Tutakuwaje mutu moja?”

“Angalia na vidole vyetu,” Kyungu akasema. “Havifanani.”

“Vidole, Kinshasa njo inaangalia. Hapa ni mutu moja, pasipoti moja.”

Sista Lise alienda na barua ya daktari, alienda tena, mara moja alipiga kelele mpaka akaona haya. Jibu lilikuwa moja: dosiye, faili yetu, iko juu. Huko juu ni wapi, hatukuambiwa.

Kisha pasipoti ikafika. Moja. Ya Kabange.

Aliigeuza pale kitandani, akaangalia picha yake. “Nyembo, niende nayo peke yangu? Nitawaambia kule Inde nini, dada yangu nimemusahau Kamina?” Alicheka, na meno yake yalikuwa mekundu. Homa ikamushika. Mutu asiye na damu nzuri, hata homa ndogo inamushinda. Tulimuzika na ile blauzi.

Baada ya siku kadhaa Amédée akatuma mutu kumuita Kyungu. Nilienda naye. Akatupa pole, kweli alitupa pole, kisha akasema: “Sasa mumoja hayuko, shida imeisha. Mama anaweza kuchukua pasipoti yake.”

“Ya kwenda wapi, shefu?” Kyungu akamuuliza.

Tukatoka.

Bantu wanasema kosa ni kile kitenge. Minyi ninakataa. Kosa ni la bakubwa walioweka mashini isiyojua mapasa. Lakini nikipita sokoni, kwa bauza vitenge, ninaangalia chini.

Jana Kyungu alikuja kunipikia, amevaa ile blauzi yake. Nilimuona pale mulangoni, munene, muzima, na njo vile Kabange angekuwa leo. Alikuwa anamenya mihogo, kisu kikateleza, kikamukata kidole. Niliruka kutafuta kitambaa, nikaita jina lisilo lake.

“Acha, shemeki,” akasema. “Ni kidogo tu.”

Damu ilitoka matone mawili matatu, ikasimama yenyewe. Akaendelea kumenya. Minyi nikabakia na kitambaa mukononi, ninaangalia kile kidole.