Acha na Achia

Gari lilikuwa limekaa chini ya bati la uani muda mrefu kiasi kwamba kuku wa jirani alilifanya nyumba yake. Alitaga chini ya bampa la mbele, akaatamia, akaangua, akaondoka na vifaranga vyake, na gari halikusogea hata unywele.

Asubuhi ile mwenye nyumba alikuwa na neno moja: litoke.

Watu walimwita Sindano kwa sababu alikuwa fundi cherehani, na kwa sababu ulimi wake ulichoma. Siku hizi sindano iliyobaki ilikuwa ya ulimi tu. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka chumba cha mbele, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba mzee amestaafu. Ukweli, macho ndiyo yaliyomstaafisha. Kwa daktari alikwenda kwa siri, baada ya kuzunguka sana, akaambiwa kwamba angekuja mapema lingefanyika jambo. Alirudi nyumbani akasema alikuwa ametoka kunyoosha miguu.

Chumbani mkewe alikuwa akifunga begi. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alikuwa amejifungua, na mama alikuwa anakwenda kumlea, kesho yake, kwa basi. Safari haikumtisha Sindano. Kilichomtisha ni sauti moja aliyoisikia akiwa mlangoni: mkasi ukigonga kopo la vifungo ndani ya begi. Mtu anayekwenda kulea mzazi hubeba nguo na sabuni. Habebi mkasi wake wa kazi, ule aliomsaidia nao mumewe kukata nyuzi.

"Mama watoto," alisema, "unakwenda kulea au unahama?"

"Nakwenda," mkewe akajibu, akavuta zipu.

Ndipo Sindano akampigia simu fundi magari. Hesabu yake ilikuwa fupi. Mke akiondoka kwa basi atakaa hukohuko. Akiondoka na gari, gari litamkumbusha njia ya kurudi. Na tena gari lilikuwa lake. Kwa ajili yake lilinunuliwa, na kulikuwa na wakati alilifuta kioo kila asubuhi kama mtu anayemfuta mtoto uso kabla ya shule.

Fundi alikuja na jeki begani. Jina lake la mtaani ni Nati, maana hatoki chini ya gari bila nati mdomoni. Alibadilisha betri, akajaza upepo magurudumu, kisha akainamia ndani akashusha breki ya mkono. Ikashuka laini kabisa. Wakasukuma wote wawili. Gari likainua makalio kidogo, likagoma.

"Mkono umeshuka, lakini nyuma bado pamefungwa," Nati alisema. "Fundi, hii breki nani aliivuta?"

"Mimi, fundi."

"Ulikuwa unavuta breki au unang'oa muhogo?"

Nati akalala chali, akaingia chini, na sauti yake ikatokea huko kama ya mtu aliye kisimani. Alieleza kwamba ndani ya gurudumu kuna viatu vya breki, navyo vikivutwa huikumbatia drami, lile bakuli la chuma la gurudumu, ili gurudumu lisizunguke. Gari la kila siku, vinakumbatia na kuachana. Gari la kukaa, unyevu unaingia, kutu inafungisha ndoa.

"Na ndoa ya kutu, mzee wangu, haivunjwi kwa kusukuma. Inagongwa taratibu."

Akaanza kugonga. Sindano akasimama pale akisikiliza nyundo, na kila pigo lilimrudisha kwenye mteremko wa sokoni.

Yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kuendesha. Ujanani aliwahi kuendesha gari la duka la vitambaa, na somo lake lilikuwa na maneno matatu: vuta, kanyaga, achia. Vuta breki ya mkono. Kanyaga klachi. Achia pole pole. Mkewe alishika haraka. Siku ile walikuwa wanateremka kuelekea sokoni, mguu wake umekaa kwenye breki vizuri, gari linashuka kwa adabu, na Sindano yuko pembeni akijisifu moyoni. Mara akaona kitu cheusi barabarani, kimeinama, kama mtoto anayeokota jiwe.

"Acha," alipiga kelele.

Mkewe alisikia neno la somo. Akaachia. Gari likakimbia. Sindano akaidaka breki ya mkono kwa mikono miwili, akaivuta mpaka ikalia meno yake yote, na gari likayumba, likasimama ubavu mtaroni mbele ya meza za mboga. Hakuna aliyeumia. Watu walikusanyika, kama kawaida ya watu, na mbele yao Sindano akamaliza kazi kwa ulimi.

"Nasema acha, wewe unaachia. Wewe si mtu wa gari."

Soko zima likacheka. Mkewe akashuka, akarekebisha mtandio, akapanda mteremko kwa miguu. Vijana wakalisukuma gari mpaka nyumbani, na Sindano, kwa hasira iliyokuwa bado inachemka, akaivuta ile breki mara ya pili, mpaka mwisho wake. Tangu hapo mama alipokwenda sokoni alikuwa na jina jipya. "Mama Achia," walimwita, na wachuuzi walipompa chenji walisema, "Haya, achia hapo."

Jioni ileile muuza mboga alikuja kumpa pole. Alisema upepo ule ulikuwa mbaya, hata turubai lake jeusi ulilichomoa ukalitupa kando ya barabara. Kando, wala si katikati. Sindano alimshukuru, akamsindikiza mpaka nje, akarudi ndani. Mkewe alikuwa anakata vitunguu. Alitaka kusema. Akasema, "Chumvi isizidi."

Nyundo ikanyamaza.

"Sasa nataka mtu kwenye usukani," Nati alisema kutoka chini. "Awashe, avute jino moja, aachie, halafu aguse rivasi kidogo tu. Nitasikiliza ikibanduka."

"Nitawasha mimi."

"Mzee, kwa heshima zote. Tangu nimefika unaongea na tangi la maji. Mimi niko huku."

Sindano akageuka upande wa sauti. Uso ulimwaka moto. Mlango wa jikoni uliguna. Alijua mkewe amesimama hapo, maana harufu ya sabuni ilifika kabla yake.

"Mama," Nati akamwita, "njoo utusaidie hapa kwenye usukani."

"Mimi si mtu wa gari, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtaa anaokaa.

Sindano alijua kwamba angeweza kumwita kijana yeyote mtaani akatia hiyo rivasi, gari likatoka, mke akalikataa, basi likamchukua. Gari halikuwa na kazi yoyote kama maneno yale hayakurudishwa. Akaushika ukuta.

"Lilikuwa turubai," alisema.

"Najua."

"Yule wa mboga alikuambia?"

"Nililiona kwa macho yangu. Lilikuwa kando kabisa. Nilikuona na wewe ukiliogopa."

"Kwa hiyo ulijua kwamba..."

"Kwamba huoni? Nilijua kabla hatujanunua gari." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayehesabu vifungo. "Suruali za mwalimu mkuu ulizikunja pindo moja juu, moja chini. Nilifumua, nikashona upya. Gauni la bibi harusi, mkono mmoja uliuweka ndani nje. Nikafumua. Ulipokwenda kuswali, nafumua. Ulipokwenda kunyoa, nafumua."

Sindano alikumbuka mwaka ule wa mwisho wa kazi. Wateja walimsifu mpaka akavimba kichwa. Alimwambia kila mtu kwamba mkono wake umerudi ujana.

"Ule mkono," alisema.

"Ulikuwa wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Nikasema, huyu mtu ana ulimi mrefu, hashindwi na neno moja. Nikangoja. Hata pale sokoni wanacheka nilikuwa nangoja. Ungesema tu 'sikuona', ningerudi kwenye usukani siku ileile, na wacheke mpaka mbavu ziwaume."

Kutoka chini ya gari ikaja sauti ya mtu mwenye nati mdomoni.

"Samahanini wazazi. Nitoke au nikae?"

"Kaa hapohapo," walisema wote wawili.

Mkewe akapita karibu na Sindano bila kumgusa, akafungua mlango wa dereva. Kiti kikalia akikisogeza mbele. Akafuta kioo kwa ncha ya mtandio. Ufunguo ukazunguka, injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika.

"Vuta jino moja," Nati akasema.

Trak.

"Achia."

Sindano alilisikia lile neno likining'inia uani, akatamani ardhi immeze. Kisha breki ikashuka, gia ikaingia, gari likajikaza, na kutoka gurudumu la nyuma ukatoka mlio mmoja mkavu, kama mfupa unaorudishwa mahali pake.

"Imebanduka," Nati akasema.

Alitoka, akafungua drami, akapangusa kutu, akapiga msasa, akafunga. Mke wa Sindano akamwambia Nati afungue geti. Sindano akapapasa mlango wa abiria.

"Mimi peke yangu," mkewe akasema.

Akalisikia gari likitoka, likikata kona, likishuka mteremko wa sokoni. Lilishuka kwa adabu, bila kufoka, mpaka sauti yake ikachanganyika na sauti za magari mengine. Alibaki amesimama na mkono hewani, mahali ulipokuwa mlango. Hakujua kama sokoni walicheka au walinyamaza. Lilipopanda kurudi alilitambua, kama vile zamani alivyotambua cherehani yake kati ya cherehani kumi.

Mkewe aliliegesha palepale, akazima, akashuka. Sindano alisubiri mkwaruzo wa breki ya mkono. Haukuja. Alisikia mawe mawili yakisukumwa chini ya magurudumu.

"Limekuwa zuri," mkewe alisema. "Ulilichagua vizuri."

"Kesho uende nalo."

"Nimeshakata tiketi."

"Tiketi inarudishwa."

"Najua," akasema. Kisha akaongeza: "Nati anasema lisilale. Liwashwe kila asubuhi. Nimeliacha bila gia. Uwashe tu, usivute kitu."

Aliondoka alfajiri, na begi, na mkasi. Mlangoni Sindano alisema, "Sikuona." Mkewe alisimama kidogo. Akamfunga kifungo cha shingo, kilichokuwa kimeingia tundu lisilo lake, akaenda.

Tangu hapo, kila asubuhi, Sindano hupapasa ukuta mpaka kwenye gari. Haketi kwenye usukani. Kile kiti hakijasogezwa, kimebaki mbele, kwa urefu wa miguu ya mwenyewe. Huingia upande wa abiria, hujinyoosha mpaka mbavu zinamuuma, mkono wake ukipita juu ya breki bila kuigusa, hushika ufunguo, huwasha. Kisha hurudi nyuma akatulia, mikono mapajani, injini ikinguruma.

Siku moja Nati alikuwa anapita, akachungulia getini.

"Shikamoo fundi. Unangoja nini humo?"

"Dereva," Sindano akasema.

Nati akatazama kile kiti kitupu, akataka kutia utani, akaghairi. Akaingia uani, akayasukuma yale mawe kwa mguu yakae vizuri, akaenda zake.