Nusu Kichwa na Mtambo wa Nyuklia

...na si kwamba anaogopa, aogope nini, kinyozi ambaye vichwa vya mtaa mzima vinamwinamia, hata mkuu wa kituo cha polisi akikaa kwenye kiti hiki huambiwa geuka na anageuka, ila umeme umekatika na mashine imemfia mkononi, feni inajizungusha kivivu ikitafuta pa kusimama, redio imenyamaza katikati ya neno, na Fundi Cheche, mchomelea mageti wa jirani, anajitazama kwenye kioo, upande mmoja kipara, upande wa pili msitu, "Malizia na mkasi basi, au nao una waya?", na pale kwenye benchi mdogo wa kike wa kinyozi anacheka, anacheka huku amepakata begi, kesho anaondoka kwenda kusomea nyuklia, au haondoki, maana mama amesema kaka yako ndiye baba yako sasa, akiridhia nenda, asiporidhia utakaa, na yeye kinyozi tangu asubuhi anajifanya ana wateja wengi, wateja gani, mteja mmoja mwenye nusu kichwa... na juzi pale kijiweni alijipiga kifua, dada yangu kwenye mitambo ile hakanyagi, mtamwona anarudi anawaka gizani kama kimulimuli, azae watoto wa vichwa viwili, watu wakashika mbavu, yeye akajiona bingwa, alikuwa ametazama video moja kwenye simu, nusu yake kusema kweli, bando likaisha, lakini mwenye kipaji hahitaji kumaliza vitu, hata shule aliiachia kidato cha pili na hasara wakapata walimu... "Geti la watu liko nusu, kichwa changu nusu," Fundi Cheche anasema, "huo mtambo wakiujenga tutapumua?", na dada anajibu taratibu, "Hautatosha peke yake, shikamoo yako naidai bado, fundi, mimi si mtoto tena," wanacheka, "lakini bwawa la umeme limekauka, maduka yote sasa yana friji, pikipiki zinachajiwa, watu wanaongezeka, jua na upepo vitasaidia, ila jua likizama na upepo ukilala lazima kuwe na kitu kinachoendelea kuwaka," tazama anavyoongea, redio imezimika yeye ndiyo kwanza anawaka, "Na kikilipuka?" kaka anamuuliza kwa ile sauti ya kijiweni, hacheki mtu, "Ajali zimewahi kutokea, kaka, sikudanganyi," "Na majivu yake mtamwaga wapi, kwa mama?", "Hakuna majivu, kuna mabaki, na sumu yake itabaki hata wajukuu wa wajukuu wetu wakishaondoka, hayo ndiyo naenda kusomea, namna ya kuyatunza yasimdhuru mtu," kuyatunza... na hapo kinyozi anamwona tena yuko darasa la pili, gauni la kulalia limemzidi, mama yuko zamu ya usiku, anashuka kitandani kwenda kugusa jiko kama limepoa, anarudi, analala, anashuka tena kukagua kifungo cha gesi, na yeye kaka mtu chini ya blanketi anamtania, askari wa jiko, umeshamkamata mwizi?, kisha anageuka ukutani analala fofofo, ndiyo, fofofo, miaka yote amelala usingizi wa mfalme akidhani ni ushujaa, kumbe kuna mtu alikuwa ameshakagua... kwa hiyo si kimulimuli, wala si watoto wa vichwa viwili, ni kwamba kuanzia kesho jiko litaguswa na nani, jiko moja tu la nyumba moja, na huko wana moto wa nchi nzima na wanatafuta mtu wa aina hiyohiyo, asiyelala mpaka ahakikishe... anakohoa, anapuliza vinywele kwenye meno ya mashine ingawa havipo, "Mwambie mama nimekuhoji vikali," anasema, "umepata wastani, lakini nenda," dada anainama kwenye begi anafunga zipu ambayo ilikuwa imefungwa, na Fundi Cheche anauliza, "Na kichwa changu?", "Wewe tulia hapo," kinyozi anamwambia, "mpaka amalize masomo."