Benchi la Sentimita Hamsini

…sita au tisa, fundi, ananiuliza muuzaji kwa mara ya tatu, na mimi nimeweka kiganja juu ya mashine ya kilowati sita kana kwamba naipima homa, ni ya baridi, haizidi sanduku la mwanafunzi, na humo ndani eti maji yatachemka mpaka bafu zima lijae mvuke na mke wangu apumue, pumzi ndiyo niliyokuja kununua, ila dukani sikusema hivyo, nilisema "Nataka mashine ya mvuke ya bafu la nyumbani," kama tajiri, akaviangalia viatu vyangu vilivyoganda saruji, akauliza vipimo, hapo nikawa mtu, mita mbili kwa moja na sitini, kwenda juu mbili na arobaini, nimevitaja bila karatasi, miaka ishirini na sita nabandika vigae kwenye mabafu ya watu, akabonyeza kikokotoo, mita za ujazo saba na nukta saba, akasema kilowati sita zinatosha kabisa, ipo stoo, unaondoka nayo leo, halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Ukutani umeweka nini?"… mawe, nikasema, mawe ya asili, kutoka chini mpaka darini, kwa mikono yangu, nikasema kwa majivuno, Mungu anisamehe, naye akajikuna shingo, "Aa, mawe yanakunywa joto, fundi, hiyo sita itachemka mpaka ichoke, kwako wewe ni tisa, na tisa zimeisha, mzigo unaingia baada ya wiki tatu"… wiki tatu, anazitamka kama mtu anavyosema kesho, na Jumanne daktari alinivuta pembeni akasema tusihesabu kwa miezi, sikumuuliza tuhesabu kwa kipi basi, nikaangalia sakafu ya ukumbi wake, kigae kimoja kimenyanyuka kona, mtu ananiambia mke wangu anakwenda nami nakagua vigae… na mke wangu mwenyewe alinikataza hayo mawe, alisema, "Weka vile vyeupe vilivyobaki nyuma ya nyumba, bwana wewe, kwani naenda kumwonyesha nani?" nikamwambia hapana, miaka yote umeoga kwenye saruji tupu huku mimi nawapambia wengine, safari hii utapata mawe, akacheka mpaka kikohozi kikamkata, akafuta midomo, akasema, "Haya, nijengee kaburi la kifahari nilione mapema," utani wake huo, hajawahi kunionea huruma kwa utani… vigae vyeupe, makasha manne, viko bado chini ya bati, kwa vigae vile sita ingetosha, leo hii ningeifunga na leo hii angekaa ndani, ni mimi na mawe yangu, hakuna wa kumlaumu, fundi mzima nimesahau kwamba jiwe lina kiu… "Hata sita ukitaka nakupa," muuzaji anasema, "ila usije ukarudi hapa kunilalamikia," halafu kitu kuhusu bomba, kuhusu waya mnene wa umeme, halafu, "Na ule mdomo wa mvuke usiuelekeze miguuni, unaunguza, benchi umelijenga upande gani, wanakaa wangapi?"… wangapi, benchi liko ukuta wa kushoto, sentimita hamsini, nilimkalisha mke wangu kwenye kigoda nikampima mgongo, bega mpaka bega, amekonda jamani, nikaandika hamsini ukutani kwa penseli, naye akauliza pale pale kigodani, "Na wewe utakaa wapi?" nikasema mimi nitakuwa nje naangalia mashine, akaigeukia ile hamsini ukutani, nikadhani amechoka… hakuwa amechoka… miezi mitatu najenga, na miezi mitatu yote anayemfukiza ni dada yake, shemeji anachemsha sufuria kubwa ya maji, anaileta chumbani, wanajifunika shuka wote wawili, nawasikia mle ndani wakisengenya watu, kisha kifua kinaanza ile filimbi, na filimbi ikianza tu mimi huyo, nasema kazi hainingoji, nakwenda kuwasha msumeno wa kukatia mawe, kelele yake inafunika kila kitu, nilikata mawe ambayo hayakuhitaji kukatwa, yako ndoo mbili za vipande, na watu wanamwambia mume wako anakupenda, ona anavyohangaika, naye anaitikia, ndiyo, anahangaika… naogopa, ndiyo hivyo, naogopa kuisikia pumzi yake, nikatafuta chumba chenye mlango, mashine ya kumfukiza na mimi nje ya mlango, na benchi nikalipima nisienee, na yeye alijua siku ile ile, kwenye kigoda, alijua kabla yangu, nikiingoja tisa atakwenda akiwa ameniona mgongo tu, na nikiichukua sita leo bado nitakuwa nje ya mlango… "Fundi, watu wako nyuma yako," anasema muuzaji, na kweli kuna mtu anakohoa kwenye foleni, kikohozi kizima, cha kusafisha koo tu, na kiganja changu bado kiko juu ya chuma, chuma kimeanza kupata joto la mkono wangu, "Sita au tisa?" na mimi nafikiria sufuria, iko juu ya kabati la jikoni, na shuka la bluu, lile pana, watu wawili wanaenea.