Mkwe Hataniwi

Ngaa, ngaa, ngaa. Rimu ya lori, ndiyo kengele, ililia kabla shule yenyewe haijaonekana. Sharifu, aliyesimama nyuma ya pikapu kutoka Masasi, nyusi nyeupe kwa vumbi, akajua amechelewa. Hakujali. Mwenye somo hachelewi. Wanafunzi ndio huwahi.

Alikuwa mwalimu kijana wa Lisekese, Mmakua mwenye ulimi mwepesi. Alitumwa kupanda Newala kuwafundisha walimu wenzake somo lililowatatiza tangu mageuzi yaanze: uhusiano wa nchi rafiki. Zamani rafiki alijulikana na adui alijulikana. Sasa korosho zilinunuliwa na yeyote mwenye mizani, vyama vilikuwa vingi, na mataifa yaliyonuniana miaka yote yalifungua balozi mtaa mmoja.

Mlangoni, mzee wa koti la kijivu alimletea beseni la maji anawe uso. Sharifu aliwatazama walimu wa Kimakonde waliojaa barazani, watani zake tangu enzi za mababu, na ulimi ukamwasha.

"Mzee, maji haya mmekopa wapi? Nasikia huku Newala mtu huogeshwa akizaliwa, kisha husubiri kuoshwa akifa."

Baraza likaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliweka beseni chini, akaingia darasani.

Mwalimu Shakila akasogea. "Kaka, unamjua uliyemtania?"

"Mmakonde. Mtani."

"Ndiye Mwalimu Mahmudu. Nyumbani anaitwa Baba Furaha."

Maji yakamponyoka mikononi. Baba Furaha alikuwa mjomba wa Stamili, binti aliyemposa, na huku mjomba ndiye anayemwoza mpwa wake. Posa ya Sharifu ilikuwa kwa mzee huyo ikisubiri jibu. Ilipelekwa na mshenga, rafiki yake Nurdin, ndiyo maana Sharifu na mzee hawakuwahi kuonana. Mtani hutukanwa akacheka. Mkwe huheshimiwa hata akiwa hayupo.

Kabla hajamaliza kuandika kichwa cha somo ubaoni, mkono uliinuka kutoka nyuma. Mwalimu Mahmudu.

"Mwalimu, nchi moja imemkashifu rafiki yake mbele ya mataifa. Rafiki afanyeje? Avunje uhusiano?"

Sharifu alitamani kupiga magoti palepale, lakini kiburi kilimshika kola.

"Havunji," alisema. "Nchi rafiki nazo hukosana. Urafiki ni kujua mlango wa kupatania. Aliyeudhika humwita balozi wa mwenzake, wakasemezana faragha, ili mkosaji apate njia ya kurudi bila kutambaa."

"Vizuri. Balozi wake yupo?"

Nurdin, aliyekuja naye kwenye semina, akasimama kama mshitakiwa. "Nipo, mzee."

Mzee akatoka naye. Shakila akauliza kwa upole uliojaa uchokozi, "Na balozi akiitwa, rais wake hufanya nini?"

"Hutoka jasho."

Walimu wakacheka, na kalamu zikaanza kuandika. Akawaeleza kwamba biashara huendelea huku mabalozi wakinong'ona. Kwamba balozi akirudishwa kwao kwa mashauriano, mlango umeegeshwa, haujafungwa. Hakuwahi kufundisha vizuri vile, wala kuchungulia dirishani mara nyingi vile.

Nurdin alirudi. "Hataki radhi ya mdomo. Anasema maji uliyoyacheka hupandishwa kutoka bondeni na mama zetu. Kapandishe ndoo moja, mchana huu, watu wakiona."

"Kichwani?"

"Ulitaka ipande basi?"

Sharifu akamfikiria Stamili. Baada ya kipindi, suruali yake ya pasi ilishuka bondeni na kupanda imelowa, wanawake wakimpigia vigelegele na kumwambia anyooshe shingo. Alipofika kwa Mwalimu Mahmudu, Shakila na Nurdin wakimfuata, ndoo ilibaki nusu.

"Shikamoo, Baba Furaha."

"Marahaba." Mzee alichota, akanawa uso polepole, akajifuta kwa pindo la koti. "Basi nimeoga. Nangoja kifo tu."

Sharifu akauma mdomo, hajui kama mkwe huchekewa.

"Cheka," mzee alisema. "Jibu la posa atapewa balozi wako kesho, na asije na uso wa msiba. Lakini nataka neno kutoka kwa nchi yenyewe."

Sharifu alisimama wima, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Baba Furaha, nakuahidi mbele ya hawa: utani wangu nitaupeleka kwa watani. Kwako, kila nikija Newala, nitapitia kwanza bondeni."