Sinia la Watu Sita

Mimi na Éphraïm tuligombana juu ya sahani. Watu wa Rumonge wanaokumbuka miaka ile ya vita hudhani tuligombana juu ya dini, kwa kuwa mimi ni Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, na yeye ni Mpentekoste aliyevuka ziwa kutoka Fizi akiwa na msumeno wake begani. Dini haikuwa na neno. Tuligombana juu ya sahani, na tuligombana kwelikweli, kwa sababu sahani zile zilitupotezea mtoto.

Nianze na kilichotukutanisha. Uvuvi wa taa ulikuwa umepigwa marufuku, maana askari hawakutaka kuona mwanga wowote ziwani baada ya magharibi. Ndagala, hao dagaa wetu wa ziwani, hawavuliwi mchana, kwa hiyo vijana waliokuwa wakiishi kwa kuvuta nyavu walibaki wamekaa ufukweni kutwa nzima. Shule nayo ilifunguliwa leo, kesho ikafungwa. Kijana wa namna hiyo alikuwa na pande mbili zinazomtaka. Kulikuwa na waasi, watu wa mlimani, waliotuma wajumbe wao mpaka kwenye michikichi ya Kigwena. Na kulikuwa na wale waliokusanya vijana kulinda barabara, wakawapa virungu kwanza na bunduki baadaye. Wote walikuwa na maneno matamu, na vijana waliowafuata tuliwazika, au hatukupata hata cha kuzika.

Basi tukajitolea watu watatu. Éphraïm aliwafundisha useremala. Amuri, mvuvi wa zamani mwenye magoti mabovu na ulimi usiochoka, aliwafundisha kushona nyavu, hata kama nyavu zenyewe hazikuwa na pa kwenda. Mimi Kabibi ni mshonaji wa nguo. Niliwafundisha cherehani na adabu, na kwenye adabu sikuwa na huruma. Tulikusanyika uani kwangu. Wanawake wa soko la samaki walinitilia ndagala kidogo kidogo kwenye karai kila nilipopita, na wenye kukamua mawese walinipa mafuta. Hakuna aliyelipwa. Jioni mapema, kabla ya saa ya kutotoka nje, tuliwapa vijana chakula, na chakula ndicho kilichowaleta. Sitajisifu kwamba walikuja kwa ajili ya adabu yangu.

Mwanzoni Éphraïm alitaka kila kijana apewe sahani yake. Ndivyo walivyofanya kanisani kwao, alisema, kila mmoja apate haki yake na wenye mikono mikubwa wasiwamalizie wadogo. Nilimkubalia kwa kuwa alikuwa ametoka kunitengenezea mlango bure. Ikawa kijana akichelewa, wenzake wanafunika sahani yake na kuiweka pembeni. Jioni moja walifunika sahani ya Amisi. Kesho yake wakafunika tena, wakasema ana homa. Siku iliyofuata nilichoka na ile homa, nikaenda kwao kwa miguu, nikamkuta mama yake akiamini kwamba mwanawe analala kwangu. Amisi alikuwa mlimani siku zote hizo. Kabla ya mvua kuanza alirudishwa amefungwa ndani ya mkeka.

Siku ya mazishi nilimpa Éphraïm vipande vyake mbele ya watu. Nilimwambia kwamba sahani inaficha, sinia halifichi. Kuanzia siku hiyo vijana wangekula sita sita kwenye sinia moja, na mkono wowote usingegusa chakula mpaka wote sita wawepo. Mmoja akikosekana, watano wakae na njaa yao, tuone kama watamtungia homa. Éphraïm alijibu kwamba ni ukatili kumnyima mtoto chakula kwa kosa la mwenzake. Tena akauliza, kwenye sinia lenye Waislamu na Wakristo, nani ataombea chakula. Nikamwambia kila mmoja aseme yake kwa sauti ndogo, Mungu si kiziwi. Alinuna wiki nzima, lakini aliendelea kuja kufundisha, na mimi nikaendelea kumpa chai yake bila kumtazama usoni.

Sinia lilifanya kazi. Vijana walianza kuchungana wenyewe kwa wenyewe. Saa ya kula ilipokaribia walitoka kuwatafuta wenzao ufukweni, sokoni, na nyuma ya nyumba za watu wenye mabinti. Siku moja walimleta mwenzao mgongoni akitetemeka kwa malaria, wakamkalisha, wakampigia bismillahi, wakala. Nilicheka mpaka machozi. Éphraïm hakucheka, ila alimpeleka yule mgonjwa zahanati.

Sasa nije kwa Shafii. Mama yake, Biasha, alikuwa rafiki yangu tangu utoto, na alifia mikononi mwangu kwa kipindupindu akiniomba nimtazamie watoto wake wawili. Yule mkubwa aliteremshwa kwenye basi kule Kabezi, kwenye kizuizi cha barabarani, na hatukumwona tena. Akabaki Shafii, kijana mrefu anayekaribia utu uzima, mkubwa kuliko wote kwenye sinia lake. Tangu siku ya Kabezi aliacha kucheka. Siku moja, akikanyaga cherehani, aliniambia kwamba mtu hawezi kukaa anashona suruali za watu wakati waliomchukua ndugu yake wanatembea mjini. Nilimwambia anyooshe mshono.

Nilimpenda mtoto yule. Nasema wazi, kwa sababu wakati ule sikusema.

Alhamisi moja Amuri alikuja akichechemea kutoka sokoni na habari mbaya. Mjumbe wa mlimani alikuwa Kigwena, kwenye michikichi, na angeondoka na vijana wawili wa sokoni pamoja na Shafii. Wangeondoka jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, wakati doria inapobadilishana, na mjumbe hamngojei mtu. Tulimtafuta Shafii mchana kutwa. Kwao hayupo, ufukweni hayupo, msikitini hayupo. Kwenda Kigwena kwenyewe kungekuwa kuwaonyesha askari njia, na hapo wangekufa wote watatu. Tulirudi uani, nikapika, maana sikujua jambo jingine la kufanya.

Masinia yaliwekwa chini. Ulikuwa ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, lenye ndagala. Masinia mengine yakaanza. Kwenye sinia la Shafii watano walikaa wamenawa mikono, wameikunjua juu ya magoti ili isiguse kitu. Mdogo wao alikuwa Baraka, mtoto wa Keren, mjane wa Kikongo aliyekaanga samaki barabarani. Nilijua kwamba nyumbani kwao moto haukuwashwa tangu jana. Alikuwa anaukodolea ule ugali macho, koo linapanda na kushuka.

Roho ilinishinda. Ile sheria niliitunga mimi, na mimi nilikuwa wa kwanza kutaka kuivunja. Nikawaambia waanze kula, Shafii haji leo.

"Hatuko sita," alisema Baraka.

Nikamwambia ni amri yangu. Wakanitazama kwa heshima zote, na hakuna aliyenyoosha mkono. Éphraïm alikuwa amekaa kizingitini na sahani yake mwenyewe mapajani, kwa kuwa yeye hakuwahi kukubali kula kwenye sinia. Alinitolea macho, na nilijua anachotaka kusema. Nilikuwa tayari kumpa haki yake, kwa mara ya kwanza, pale ambapo Shafii aliingia kwa mlango wa nyuma.

Alikuwa amevaa mashati mawili, moja juu ya jingine, na viatu vya kufunga kwa kamba. Kwa joto la Rumonge hakuna anayevaa mashati mawili, isipokuwa mtu asiyekusudia kulala kwao.

"Munakaa hivi kwa nini?" aliuliza. "Kuleni."

"Tuko tunakungojea, yaya," Baraka alimjibu, kama wanavyomwita kaka kule kwao.

Baadaye sana Shafii aliniambia kwamba alikuwa amekaa kwenye michikichi tangu mchana, akidhani atafikiria juu ya ndugu yake. Badala yake aliiona akilini ile mikono iliyonawa. Akakata shauri arudi mbio, atie tonge moja, watu wahesabike sita, wenzake wale, kisha aende zake akiwa hana deni na mtu. Na ndivyo alivyofanya. Alinawa mkono mmoja, akachuchumaa, akamega, akameza bila kutafuna. Mikono mitano ikashuka kwenye sinia. Shafii akaanza kuinuka.

Nilikwenda nikasimama kwenye ule mlango wa nyuma. Nilikuwa nimesahau ukali wangu wote.

"Mama Kabibi, unipishe," alisema polepole. "Sitaki kukusukuma."

Alikuwa na uwezo wa kunisukuma, na nadhani angenisukuma. Lakini nyuma yake Baraka alisema kwamba bado hawajashiba, na Shafii akasimama nusu wima, nusu ameinama.

Kwetu mkubwa wa sinia haondoki mdogo akiwa bado anakula. Akiinuka yeye, wadogo huona haya, hutoa mikono, na chakula kinabaki. Kwa hiyo mkubwa hukaa, hata akiwa ameshiba, hata akiwa na haraka, akigusagusa ugali ili wadogo wajisikie huru. Biasha alimfundisha hivyo kabla hajajua kutembea vizuri, na mimi niliwafundisha wengine, Wakristo na Waislamu, kwa kuwachapa vidole. Shafii aliutazama mkono wa Baraka uliokuwa umesimama hewani na tonge lake. Akakaa tena, akawaambia wafanye upesi.

Hawakufanya upesi. Sikuelewa mara moja. Nilidhani wanaona haya kwa sababu yangu. Kisha nikamwona Baraka, ambaye kila siku nilimgombeza kwa kula kwa pupa, akimega kipande kisichozidi punje ya harage. Alikibonyeza, akakichovya, akakitia mdomoni, akatafuna, akatafuna. Alikuwa na njaa ya kutwa nzima, na alikuwa anatafuna kama mzee asiye na meno. Wenzake wanne walifanya vilevile. Hakuna aliyewaagiza.

"Munafanya kusudi," Shafii alisema.

"Tuko tunakula tu, yaya."

Jua lilikuwa limebakiza kidogo kufika milimani. Ugali hata ukiliwa hivyo unakwisha, na ule wetu haukuwa mwingi. Katikati ya sinia chuma kilianza kuonekana. Shafii naye alikiona, akajiweka tayari kuondoka.

Hapo Éphraïm aliinuka kizingitini. Alikuja na sahani yake aliyokuwa hajaigusa, akainama, akamwaga chakula chake chote kwenye lile sinia, na kukitandaza kwa mkono wake. Kisha akachuchumaa pembeni. Amuri akaleta chake. Vijana wa masinia mengine walikuwa wameshaacha kula. Wakaanza kuleta walichobakiza, huyu ugali, huyu mkia wa ndagala, wakirudi mahali pao. Nilikwenda jikoni nikakwangua sufuria mpaka ukoko.

Shafii alikuwa analia wakati huo. Alilia kwa hasira, mdomo umefumba, mkono wake bado ndani ya sinia. Mara mbili alijaribu kuinuka na mara mbili Baraka alimega punje nyingine. Sikumwonea huruma Shafii. Niliwaonea huruma wale watano, ambao walikuwa na chakula kingi mbele yao kuliko siku yoyote ya mwaka ule, na hawakuwa wanakila.

Jua lilizama. Milima ya Kongo ilibaki myeusi, na kule upande wa Kigwena hapakusikika kitu. Wale vijana wawili wa sokoni walikwenda. Mmoja nilimwona tena baada ya vita, akiuza mawese kwa mkono mmoja. Wa pili mama yake bado anauliza kila anayeshuka kutoka mlimani.

Shafii alipangusa uso kwa mkono wa shati la juu.

"Kula vizuri, mutoto," alimwambia Baraka. "Siendi."

Baraka hakumwamini. Alivitazama vile viatu. Shafii aliinama akafungua kamba, akavua kimoja, akavua cha pili, akavisukuma kwa Éphraïm, na Éphraïm akavikalia.

Ndipo Baraka alipokula. Alikula kwa mikono yote miwili, kwa pupa, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye viwiko, na mimi sikumkemea.