Chatu Weupe wa Miraba

Jumatatu saa tatu asubuhi mfugaji wa chatu alifungua sanduku la joto, akakuta mayai manane yamechanika. Alivuta kiti, akavaa miwani, akafungua daftari. Mraba wa mayai hayo alikuwa ameuchora miezi miwili nyuma: dume la kahawia, jike la kahawia, koo zote mbili hazina weupe hata tone. Watoto watatoka kahawia. Mtu huyu hakubahatisha. Wateja walimwita Miraba kwa sababu ukimletea nyoka wawili, wawe wa madoa au wa mistari, angekuchorea mraba wa vyumba vinne na kukutajia rangi za watoto kabla jike halijataga. Na ndivyo walivyotoka kila mara.

Safari hii walitoka weupe, wote wanane, wenye mabaka ya manjano na macho ya waridi. Wa kwanza alitoa kichwa kwenye ganda, akamtazama, akasema, "Baba."

Miraba aliandika: weupe, wanane. Akafikiri kidogo, akaongeza: wanasema.

Daktari wa mifugo alifika mchana, akawapanua vinywa mmoja mmoja kwa kijiti.

"Nyoka hana koo la kutolea sauti," alisema.

"Baba," akasema nyoka aliyekuwa mkononi mwake.

"Ila wana afya. Wakishajivua gamba mara ya kwanza, wape kinda la panya." Akanawa mikono, akaenda zake.

Sauti haikumsumbua sana Miraba. Kilichomkosesha usingizi ni ule weupe.

Miaka kumi na mmoja nyuma mkewe alijifungua mtoto wa kike mwenye ualbino. Mama yake Miraba alimfunua mtoto, akamfunika tena. "Huyu si damu yetu," alisema pale pale wodini. "Muulize mkeo alikuwa wapi."

Miraba alijua. Wiki ilikuwa haijaisha tangu amweleze mteja, kwa kalamu na karatasi, kwamba wazazi wawili wa kahawia wanaweza kila mmoja kuficha weupe, na weupe huo hauonekani mpaka ukutane na mwenzake. Kwamba mama peke yake hatoshi, lazima baba naye achangie. Maneno yote yalikuwa mdomoni. Lakini kuyasema kulikuwa ni kumwambia mama yake kwamba nusu ya kile anachokikataa imetoka kwa mwanawe, tena huenda ilipitia kwake yeye mwenyewe. Miraba akainama, akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mkewe alimtazama akizifunga mpaka akamaliza. Kisha akambeba mtoto, akaondoka, na sifa ya uzinzi ikamfuata mtaa hadi mtaa.

Habari za chatu wanaoita baba hazikumaliza wiki bila kusambaa. Alhamisi alasiri yule aliyekuwa mkewe alisimama mlangoni na binti yake, aliyevaa kofia pana na shati la mikono mirefu. Mama yake Miraba alikuwa sebuleni anakunja nguo.

"Shikamoo, mama," alisema mwanamke.

Bibi kizee aliendelea kukunja.

"Sikuja kwa ajili yangu," mwanamke alimwambia Miraba walipoingia chumba cha nyoka. "Mimi nimeshazoea. Mtoto amefundishwa urithi shuleni, ana maswali. Mchoree."

Kazi hiyo aliimudu. Alichora vyumba vinne, akaweka baba juu na mama ubavuni, akatia wino kwenye chumba kimoja, cha mtoto mweupe. Binti aliinamia karatasi hadi pua ikakaribia kuigusa, maana ndivyo alivyosoma kila kitu.

"Kwa hiyo weupe umetoka kwa wote wawili."

"Ndiyo."

"Hata kwa watu?"

Sebuleni, nguo ziliacha kukunjwa. Miraba alifunika kalamu.

"Huu ni wa nyoka," alisema. "Watu ni mambo mengine."

Mwanamke alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa alichokitarajia. Kwenye rafu ya chini wale wanane wakaanza, mmoja baada ya mwingine: "Baba. Baba. Baba." Binti akawatazama, halafu akamtazama Miraba.

"Mbona huwaitikii?"

Miraba alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ilikuwa ya saruji, na ilitulia tuli.

"Twende, mwanangu," alisema mwanamke.

Binti aliomba ile karatasi, na Miraba akampa. Hakuwahi kumpa kitu kingine.

Tangu siku hiyo kila jike lake lililotaga, watoto walitoka weupe, wanaita. Kwa nyoka wa wafugaji wengine miraba yake iliendelea kutabiri barabara, hivyo hakupoteza mteja. Baadhi waliotaka kuwanunua hao weupe waliuliza kama watapiga kelele nyumbani. Akawaambia wakimzoea mmiliki mpya huacha, na kweli waliacha.

Bibi kizee ndiye aliyewapenda zaidi. Jioni moja walikuwa mezani, yeye na mwanawe, rafu ikaanza kuita. Akatulia kusikiliza, akatabasamu, akamega mkate.

"Nyoka hawa wana adabu," alisema. "Wanamjua baba yao."

"Ndiyo, mama," alisema Miraba, akaomba chumvi.